Waya Uliolala Sakafuni

Usiku mmoja wa Februari, katika lile joto la kaskazi linalomfanya mtu ageuze mto kila mara akitafuta upande wa baridi, feni yetu ilizimika ghafla. Taa ya chumba ilikuwa bado inawaka na friji inanguruma pembeni, kwa hivyo tokeni za stima hazikuwa zimekwisha. Mpwa wangu wa miaka tisa alishika tochi ya simu, akainama uvunguni, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mjomba, usimpige. Ni Pamba."

Pamba ni sungura. Ni mweupe, ana uzito wa kilo tatu hivi, na alikuja nyumbani kwetu Mtopanga ndani ya boksi la viatu, zawadi ya rafiki wa shule. Tulimkuta amejikunja nyuma ya kabati, pua inamcheza. Waya wa feni ulikuwa umekatika vipande viwili, mkato safi kama wa mkasi wa mshonaji. Tukachomoa plagi, tukamtoa, tukalala na joto letu.

Jambo lililonishikisha kalamu lilitokea asubuhi yake. Dada yangu aliamka alfajiri kupiga deki, ndoo mkononi, miguu mitupu, maji yakitambaa juu ya saruji. Nilipopita kwenda msalani nikauona waya wa friji. Ulikuwa umetafunwa upande mmoja tu, jeraha la ukubwa wa ukucha, na ndani yake shaba inang'aa. Friji ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Maji ya deki yalikuwa yamebakisha shibiri moja kuufikia, na mtoto wa dada, wa miezi minane, alikuwa amekaa mkekani akitafuta pa kutambalia.

Waya wa feni ulijitangaza wenyewe: ulikatika, tukajua. Ule wa friji ulijeruhiwa ukanyamaza, ukaendelea na kazi yake hadi alfajiri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiingia katika nyumba za watu, Kisauni kwetu, Likoni kwa wakwe, Changamwe kwa marafiki wa kazi, na kabla sijakaa macho yangu huenda chini. Karibu kila chumba nimeikuta hali ileile: ekstensheni imelala sakafuni, waya umepita chini ya mkeka, mwingine umebanwa na mguu wa kitanda, mwingine umezungushiwa selotepu mahali palipochubuka. Nyumba nyingi kati ya hizo hazina sungura. Zina watoto.

Habari ya Pamba ilipoenea, majirani walitoa hukumu haraka. Mmoja alisema sungura ni nyama, achinjwe apikwe mchuzi wa nazi yaishe. Mwingine akashauri arudishwe alikotoka. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwanangu, mnyama anayekula waya atakula nyumba." Nilimsikiliza kwa adabu, lakini sikukubaliana naye wakati ule wala sikubaliani naye sasa. Sungura alifanya jambo ambalo maumbile yake yanamtaka afanye. Sisi ndio tuliomwekea umeme kwenye njia yake, na kabla ya hapo tulikuwa tumeshamwekea mtoto anayetambaa umeme uleule kwenye njia ileile, wala hakuna jirani aliyepiga kelele.

Kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe. Sungura ana meno 28, na hayaachi kukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua milimita 2 hadi 3 kwa wiki, yaani kama yasingesagika yangezidi sentimita 10 kwa mwaka. Upande wa mbele wa jino ni mgumu kuliko wa nyuma, kwa hivyo kila anapotafuna jino hujinoa lenyewe, kama patasi ya seremala. Nyuma ya meno mawili makubwa ya juu yamejificha mengine mawili madogo. Ni alama hiyo, pamoja na nyinginezo, iliyowafanya wanasayansi mwaka 1912 kumtenga sungura na jamii ya panya na kumpa jamii yake. Fundi wa stima ataiona tofauti hiyo kwenye waya: panya huguguna, akaacha kingo zenye makovu, sungura hukata.

Sasa swali: kwa nini waya? Wengi wetu tumelelewa na sungura wa hadithi, yule mjanja anayemzunguka fisi na simba. Sungura wa vichaka vya Kwale na Kilifi, ambaye bila shaka ndiye aliyewapa bibi zetu hadithi hizo, haishi shimoni. Hujilaza juu ya ardhi kwenye majani na hutegemea mbio zake. Huyu wa kufugwa ni wa ukoo mwingine. Asili yake ni Hispania na Ureno, na mababu zake waliishi chini ya ardhi, katika mahandaki marefu waliyoyachimba wenyewe. Ndani ya handaki mizizi huchomoza, na mzizi uliokatiza njia ni hatari: mnyama anayekimbia adui gizani atanaswa nao. Kwa hivyo sungura huikata mizizi kila anapoikuta ili njia yake ibaki wazi. Mweke mnyama huyo katika chumba cha kupanga Mshomoroni, mpe uvungu wenye giza, na katikati ya giza hilo ulaze kitu chembamba, chororo, kirefu, kilichojipinda. Atafanya nini? Atasafisha njia.

Ukilijua hilo, kumpiga kunakuwa dhulma tupu. Sungura hawezi kuunganisha kofi la saa mbili usiku na waya alioukata saa moja. Atakachojifunza ni kukuogopa wewe, na sungura mwenye woga hukimbilia uvunguni, mahali penyewe nyaya zilipo.

Wapo watakaouliza kwa nini tusimfuge nje, kama watu wa bara wanavyowafuga katika vibanda vya mbao. Swali ni la haki, na jibu lake ni la pwani. Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto lake hulipunguza kwa masikio. Hewa ikipita nyuzi 30 huanza kutaabika, na katika miezi ya kaskazi Mombasa hupita kiwango hicho karibu kila mchana. Kibanda cha mabati uani wakati huo ni tanuri. Halafu wapo paka wa mtaani. Wapo kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliotoka Bara Hindi, ambao Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwaangamiza milioni moja, na ambao kila mfuga kuku wa Kisauni anajua wanavyofanya kwa vifaranga. Wapo pia wezi. Ndiyo maana sungura wa Mombasa hulala ndani, juu ya saruji baridi, karibu na feni, na waya wa feni uko mbele ya pua yake.

Na ndani kwenyewe kukoje? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Historia ya stima katika pwani hii ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya umeme ya nchi hii, inapoisimulia historia yake, huanzia Zanzibar mwaka 1875, Sultan Seyyid Barghash alipopata jenereta ya kuangaza kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mtambo huo ulinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na ikaundwa kampuni ya kukipatia kisiwa cha Mombasa umeme. Mwaka 1922 kampuni hiyo na ya Nairobi ziliungana zikawa East African Power and Lighting, na mwaka 1983 ndipo lilipokuja jina la Kenya Power and Lighting. Tazama neno linalorudi katika majina hayo: Lighting, yaani kuangaza. Umeme ulikuja kama taa. Nyumba zetu za Kiswahili za vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati na ua nyuma, zilipoanza kutiwa stima zilitiwa kwa fikra hiyohiyo. Kila chumba balbu moja darini na, kwa mwenye nyumba mkarimu, soketi moja ukutani kwa ajili ya redio.

Maisha hayakusubiri. Ilikuja feni, ikaja televisheni, ikaja friji, pasi, birika la umeme, simu nne za watu wanne, na siku hizi rauta ya intaneti. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kufikisha umeme majumbani na ada ya kuunganishiwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Ni jambo jema, nami ninalisifu. Lakini mpango ule uliishia kwenye mita. Kutoka mita hadi kitandani ni shauri la mwenye nyumba, na mwenye nyumba ameacha soketi moja palepale alipoiweka babake. Mpangaji atafanya nini zaidi ya kununua ekstensheni yenye matundu manne, na ikijaa akachomeka nyingine ndani yake? Yuko mtu Changamwe anayelala karibu na mitambo ya umeme ya Kipevu, ambako kituo cha tatu pekee, kilichoanza kazi mwaka 2011, kina uwezo wa megawati 120, na chumbani mwake umeme wote huo huingia kwa tundu moja kisha ukasambaa sakafuni kama mizizi ya mkoko.

Mizizi, nimesema. Sungura naye huiona hivyo.

Niseme kidogo juu ya umeme wenyewe, maana nimegundua kwamba watu wazima wengi, nikiwemo mimi kabla ya Februari ile, hatujui nini kinatulinda na nini hakitulindi. Stima yetu ni ya volti 240. Ndani ya plagi ya miguu mitatu kuna fyuzi, aghalabu ya ampia 13. Watu hudhani fyuzi hiyo inawalinda. Inalinda waya usiungue, basi. Piga hesabu: feni ya wati 60 hutumia robo ya ampia. Mwili wa binadamu aliyeshika waya kwa mkono wenye maji nao hupitisha kiasi kama hicho au pungufu yake. Kwa fyuzi ya ampia 13, mtu anayekufa ni kama feni nyingine iliyowashwa. Haitakatika. Wala swichi za kawaida kwenye boksi la swichi hazitaruka. Na moyo unaweza kuvurugika kwa sehemu chache tu za ampia, vipimo vya makumi katika elfu moja.

Kifaa kinachookoa uhai kipo, na mafundi wanakiita kwa herufi zake tatu, RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukitoka mwingi ukarudi mchache, maana yake umepata njia nyingine, kupitia maji, sakafu au mwili wa mtu, na swichi hiyo hukata kabla moyo haujavurugika. Ile inayofaa nyumbani huruka tofauti ikifika miliampia 30. Nimeuliza katika nyumba za kupanga nilizozitembelea. Nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa nayo.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba nyaya hazifanani kwa hatari. Waya wa chaja ya simu, ule utokao kwenye kichwa cha chaja kwenda kwenye simu, hubeba volti 5, na hata chaja zile za kasi hubaki chini sana ya volti 240. Sungura akiukata utapata hasara ya chaja, hakuna zaidi. Waya wa rauta ni hivyohivyo, na wa kompyuta ya mkononi baada ya kile kijiboksi chake. Hatari iko kati ya ukuta na kijiboksi, na kwenye vyombo visivyo na kijiboksi kabisa: feni, friji, televisheni nyingi, pasi, na ekstensheni yenyewe. Mtu mwenye fedha za kulinda nyaya mbili tu aanze na ekstensheni na friji, kwa sababu hizo mbili hazichomolewi usiku wala mchana.

Nilimwita fundi. Alikuwa kijana mtulivu mwenye kibali cha mamlaka ya kawi, EPRA, na alinionyesha kibali hicho kabla sijauliza, jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alidai. Waya wa friji hakuukubalia tepu nyeusi. Alisema jeraha likishafika kwenye shaba, tepu ni ya kuficha aibu. Katika hewa yetu ya chumvi gundi yake hulegea, unyevu huingia, shaba huota kutu ya kijani na kuanza kupata moto. Aliubadilisha wote, kutoka kwenye friji hadi kwenye plagi. Kwa feni alikata kipande kilichoharibika akafunga plagi mpya na kuniwekea fyuzi ya ampia 3 badala ya 13, kwa kuwa feni haihitaji zaidi.

Kisha tukazipandisha nyaya. Hili ndilo la kwanza na ndilo kubwa: waya usiogusa sakafu haufikiwi na sungura, wala na maji ya deki, wala na mtoto. Ekstensheni ilitundikwa ukutani kwa skrubu, juu ya kimo cha kitanda. Waya wa feni ukapita kwenye tranking, ile mifereji myeupe ya plastiki yenye kifuniko inayouzwa maduka ya vifaa vya umeme. Tuliifunga kwa skrubu kwa sababu gundi yake pekee haishiki kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Waya wa friji haukuwa na namna ya kupanda, basi ukaingizwa ndani ya paipu ngumu ya plastiki, ile ya milimita 25 wanayotumia mafundi kupitishia nyaya ukutani. Ilibidi plagi ifunguliwe kwanza ndipo waya upite, na kazi hiyo ilikuwa ya dakika chache.

Asiyeweza kununua paipu achukue kipande cha mpira wa kumwagilia maji, akipasue kwa wembe kutoka mwanzo hadi mwisho, auvishe waya kama shati, na mpasuko auelekeze ukutani. Sungura ataweza kuutafuna mpira, lakini utamchukua siku nyingi na wewe utaona alama mapema. Onyo moja: waya wa chombo kinachokula umeme mwingi, kama pasi au birika, usiufungie ndani ya mpira mnene na kuuacha umejikunja. Joto lake lazima litoke. Vyombo hivyo vichomolewe vikiisha kazi, vikatundikwe.

Nimepewa dawa nyingi za kupaka. Pilipili, limau, sabuni, na shubiri, ile chungu ambayo mama zetu waliipaka ziwani kumwachisha mtoto kunyonya. Sizipendekezi hata moja. Kitu cha majimaji hakipakwi kwenye waya wenye umeme na ambao huenda una tundu usiloliona. Utomvu wa shubiri huendesha tumbo, na tumbo la sungura ni dhaifu: hana uwezo wa kutapika, na likivurugika anaweza kufa katika siku moja au mbili. Isitoshe, uchungu hukauka na kupotea, nawe umeshalala ukiamini ulinzi upo.

Lenye faida ni kumpa jino kazi yake. Kinachosaga meno ya sungura ni nyasi hasa, kuliko karoti na kuliko hata mbao. Nyasi kavu au mbichi zapaswa kuwa sehemu kubwa mno ya chakula chake, mbele yake mchana na usiku. Sungura wengi wa mjini hulishwa mkate, wali uliobaki, vipande vya chapati na karoti moja ya kumfurahisha mtoto. Mnyama huyo ana njaa ya kutafuna hata tumbo likijaa, na njaa hiyo ndiyo inayokwenda kwenye waya. Bara, robota za nyasi ya Boma Rhodes huuzwa kila mahali. Kwetu, ukoka wa kando ya uwanja wa mpira unatosha, mradi uuchume mbali na barabara na mahali pa kumwagwa dawa, uuoshe na kuukausha. Majani ya viazi vitamu anayapenda. Vijiti vya mpera na vya mforosadi ni vizuri kwa kutafuna. Mparachichi usimkaribie kabisa, majani yake wala gamba lake; ni sumu kwake. Majani mabichi ya muhogo pia yaache.

Tulimpa Pamba boksi la karatasi ngumu lenye matundu mawili, tukalijaza nyasi, likawa ndilo handaki lake. Usiku hulala ndani ya kizimba cha wavu wa chuma ukumbini, na kizimba hicho kiko mita nzima kutoka kwenye soketi yoyote. Mchana, mpwa wangu akitoka madrasa, humwachia chumbani kwa saa mbili huku yeye mwenyewe akikaa naye. Huo ndio mkataba wao, na mtoto ameutimiza kuliko nilivyotarajia. Amejifunza kuzima soketi kabla ya kuchomoa plagi. Amejifunza pia kwamba ukimkuta mnyama amelala huku waya uko mdomoni, humshiki. Kwanza zima soketi au meni swichi. Ikishindikana, msukume kwa mpini mkavu wa ufagio. Kisha umtazame mdomo kama umeungua, na hata akionekana mzima umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye. Utaratibu huohuo ndio wa kumwokoa mtu, isipokuwa badala ya daktari wa mifugo utapiga simu ya dharura, 999 au 112.

Sasa nirudi kwa wenye nyumba, kwa kuwa nilizungumza na wangu. Alinijibu kwa upole kwamba sungura ni wa mpangaji, basi na waya ni wa mpangaji. Nusu ya maneno yake ni kweli. Anayefuga mnyama achukue dhamana yake, na mimi nililipia tranking, paipu na fundi bila kunung'unika. Nusu ya pili siikubali. Ukuta ni wake. Soketi ni yake. Boksi la swichi ni lake. Mpangaji haruhusiwi kutoboa ukuta, kisha analaumiwa kwa kupitisha waya chini. Chumba chenye soketi tatu hakina haja ya ekstensheni ndefu, na mwenye nyumba anayekusanya kodi ya vyumba sita kila mwezi anaweza kufunga RCD moja kwenye boksi la nyumba nzima. Kifaa hicho kimoja kingewalinda wapangaji wote sita, watoto wao, na paka na sungura wao.

Iko pia Kaunti ya Mombasa. Nimelisoma Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, sehemu ya pili, inayoorodhesha kazi za kaunti. Makazi yamo. Usambazaji wa umeme na udhibiti wa kawi umo. Huduma za zimamoto zimo. Huduma za mifugo na maslahi ya wanyama yamo. Kwa maneno mengine, chumba kile cha Mtopanga, ekstensheni iliyo ndani yake, moto unaoweza kuanzia humo na mnyama aliyeutafuna waya, vyote viko chini ya paa moja la serikali. Hakuna haja ya sheria mpya. Kaunti inaweza kuanza kwa jambo dogo: nyumba ya kupanga isipewe idhini, wala isiongezwe ghorofa, kabla mkaguzi hajaona soketi za kutosha kwa kila chumba na RCD kwenye boksi. Na maafisa wa afya wa mitaani, wanaoingia majumbani mwetu kuuliza habari za chandarua na choo, wafundishwe kutazama sakafu pia. Kule Likoni na Kisauni, ambako vichochoro vingine havipitishi hata mkokoteni, gari la zimamoto haliwezi kuwa tegemeo la kwanza.

Dini zetu zimetufundisha kwamba mnyama aliyefungiwa ndani ni amana. Sote pwani tumeisikia hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila kumlisha. Mtu aliyemwingiza sungura katika nyumba yenye nyaya wazi naye amemfungia mnyama na kifo chake. Mtoto anayetambaa hakuomba kuletwa chumbani humo, sawa na sungura.

Wiki iliyopita mtoto wa dada alisimama kwa mara ya kwanza, mkono mmoja umeshika ukuta, palepale ulipokuwa ukipita waya wa friji. Ewe msomaji, uwe na sungura au usiwe naye, usiku wa leo chukua tochi ya simu, piga magoti, uchungulie uvunguni na nyuma ya friji. Ukiuona waya umechubuka, zima soketi, chomoa plagi, na usiurudishe hadi fundi aubadilishe.